Seva ya lango la kutafutia majina kwenye saraka mbili: Active Directory na OpenLDAP

msimamizi_chuo aliuliza:

Wanajukwaa, salaam.

Nasimamia seva za chuo kimoja hapa Tanzania, na naomba ushauri wenu kabla sijaanza kujenga, kwa kuwa kitu cha namna hii kikishazoeleka kwa watumiaji huwa vigumu kukibadilisha. Tuna saraka mbili, yaani hifadhi za taarifa za watu na akaunti zao, zisizofahamiana. Wafanyakazi wamo kwenye Active Directory ya Microsoft, ambayo ndiyo inayowafungulia kompyuta za ofisini na barua pepe. Wanafunzi wamo kwenye programu huria ya OpenLDAP 2.6, inayotumika kwa Wi-Fi na kwa mfumo wa masomo mtandaoni. Mhadhiri anayetaka barua pepe ya mwanafunzi wake hulazimika kupiga simu ofisi ya usajili, na mwanafunzi anayemtafuta msimamizi wa utafiti wake huulizia mlango kwa mlango.

Nakusudia kuweka seva moja ya lango katikati, ambayo itapokea jina kutoka kwenye ukurasa wa wavuti, itauliza saraka zote mbili kwa LDAP, itifaki ya kuulizia saraka, kisha itarudisha orodha moja yenye jina, idara, barua pepe na, kwa wafanyakazi, simu ya ofisi. Je, ukurasa wenyewe uzungumze na saraka hizo moja kwa moja, au niweke slapd (seva ya OpenLDAP) nyingine katikati ifanye kazi ya uwakala, yaani ipokee maswali na kuyapeleka kwenye saraka hizo? Nitamzuiaje mtu mmoja asichote orodha nzima ya wanafunzi? Jambo la tatu ni la kiufundi zaidi: nikitafuta kwa lugha ya programu ya PHP kwenye Active Directory kuanzia kwenye shina lenyewe, yaani dc=chuo,dc=example, napata "Operations error" pamoja na namba 000004DC, ilhali nikianzia kwenye ou=Wafanyakazi jibu linakuja bila tatizo. Akaunti na nenosiri ni vilevile katika hali zote mbili.

Natanguliza shukrani.

fundi_seva alijibu:

Ndugu msimamizi, nianze na hilo la tatu kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ukianzia kwenye shina, Active Directory hukupa maingizo (rekodi za watu au vitu) uliyoyataka, kisha huongeza maelekezo ya kwenda kuuliza kwingine, ambayo kwa kawaida ni ForestDnsZones, DomainDnsZones na Configuration. Maktaba ya LDAP iliyo chini ya PHP, isipoambiwa vinginevyo, huyafuata maelekezo hayo yenyewe, na inapofika huko hufungua muunganisho mpya bila kujitambulisha kwa akaunti yako. Tangu Windows Server 2003, Active Directory kwa kawaida haimruhusu asiyejitambulisha kusoma chochote zaidi ya lile ingizo la juu kabisa linaloieleza seva yenyewe. Ndiyo maana unaona 000004DC, yaani muunganisho huo haujathibitishwa. Weka LDAP_OPT_REFERRALS kuwa 0 na LDAP_OPT_PROTOCOL_VERSION kuwa 3 kabla ya kujitambulisha, na kosa litaondoka. Unaweza pia kuuliza Global Catalog, orodha ya pamoja ya Active Directory, kwenye poti 3269, lakini hakikisha kwanza kwamba sifa unazozihitaji, kama jina au barua pepe, zimo humo, maana Global Catalog hutoa sehemu tu ya sifa za kila ingizo.

Kuhusu muundo, mimi ningeweka slapd ya uwakala. Si jambo geni hata kidogo: LDAP yenyewe ilizaliwa ikiwa lango. Saraka ya X.500 ya mwaka 1988 ilidai itifaki nzito ambayo kompyuta ndogo za wakati ule hazikuimudu, na waliokuwa Chuo Kikuu cha Michigan waliandika seva ya katikati iliyopokea maswali mepesi na kuyageuza kuwa ya X.500, maelezo ya kwanza ya LDAP, RFC 1487 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), yalitolewa mwaka 1993, na slapd inayosimama peke yake ikaja baadaye. Kwa hiyo unachotaka kufanya kimo katika damu ya programu hii.

Moduli inayokufaa ni ile iitwayo meta, kwa sababu inaunganisha saraka mbili chini ya shina moja la kubuni. Kiini cha usanidi ni hiki:

```
database        meta
suffix          "dc=lango,dc=example"
readonly        on
chase-referrals no
onerr           report
network-timeout 3

uri             "ldaps://ad.chuo.example/ou=wafanyakazi,dc=lango,dc=example"
suffixmassage   "ou=wafanyakazi,dc=lango,dc=example" "ou=Wafanyakazi,dc=chuo,dc=example"
map             attribute uid sAMAccountName

uri             "ldaps://wanafunzi.chuo.example/ou=wanafunzi,dc=lango,dc=example"
suffixmassage   "ou=wanafunzi,dc=lango,dc=example" "ou=watu,dc=wanafunzi,dc=example"
```

Mistari ya idassert-bind, inayobeba akaunti ya huduma ya kila upande, nimeiacha kwa kuwa inategemea mazingira yenu; jambo la lazima ni kwamba akaunti hizo ziwe na haki ya kusoma tu, na zisiwe za msimamizi yeyote. Mambo ya jumla yaandikwe juu ya uri ya kwanza, kwa sababu kila uri inafungua maelezo ya saraka yake.

Naomba uutazame vizuri mstari wa onerr. Usipouandika, slapd huchukua continue, na maana yake ni kwamba saraka moja ikizimika, lango litarudisha majibu ya saraka iliyobaki bila kulalamika. Mtu atatafuta jina la mhadhiri, hataliona, na ataamini kwamba mhadhiri huyo hayupo chuoni. Kwa report, utafutaji unaendelea hadi mwisho lakini kosa linarudishwa pamoja na majibu, na ukurasa wako unaweza kumwambia mtumiaji kwamba saraka ya wafanyakazi haipatikani kwa sasa. Jibu pungufu linalojitokeza kama jibu kamili ni kosa kubwa kuliko ukurasa usiofunguka, na nimeona wengi wakilipuuza.

La mwisho ni vyeti. Utakutana na ushauri mwingi mtandaoni unaosema uandike TLS_REQCERT never ili ldaps (LDAP iliyosimbwa) ifanye kazi. Usifanye hivyo. Chukua cheti cha mamlaka iliyosaini cheti cha Active Directory yenu, kiweke kwenye seva ya lango, ukielekeze kwa TLS_CACERT, na jina utakaloliandika kwenye uri liwe lilelile lililomo kwenye cheti. Ukizima uhakiki huo, nenosiri la akaunti ya huduma litasafiri likiwa limesimbwa, lakini hutajua linasafiri kwenda kwa nani.

nodi_ya_ndani alijibu:

Maelezo ya fundi_seva ni sahihi, na hilo la onerr ni la thamani sana. Hata hivyo, kwa hitaji hili mahususi nina maoni tofauti, na naomba yapimwe.

Seva ya lango inazungumza na ukurasa wa wavuti, na ukurasa wa wavuti ndio sehemu itakayoguswa na kila mtu, wakiwamo wasioitakia mema. Ukitumia uwakala, seva hiyo inabeba muda wote njia iliyo wazi kwenda kwenye Active Directory pamoja na nenosiri la akaunti ya huduma. Akaunti ya kawaida kabisa ya Active Directory, isiyo na cheo chochote, kwa kawaida inaweza kusoma mambo mengi: makundi na wanachama wake, majina ya kompyuta, tarehe za mwisho za kubadilisha nenosiri, na hata akaunti zipi zina haki za juu. Atakayeipenya seva ya lango hatakuwa ameiba orodha ya simu tu. Atakuwa amepata ramani ya mtandao wote wa ofisi.

Kwa hiyo mimi ningeweka nakala badala ya uwakala. Seva ya lango iwe na slapd yake yenye hifadhi yake ya mdb, na ndani yake yaingie maingizo ya watu wanaostahili kutafutwa tu, kila moja likiwa na sifa zile tu zitakazoonyeshwa: cn (jina kamili), givenName (jina la kwanza), sn (jina la ukoo), ou (idara), mail (barua pepe), na telephoneNumber (simu) kwa wafanyakazi. Hakuna userPassword (nenosiri) wala memberOf (makundi ya mtu), na hakuna tarehe ya kuzaliwa. Kichujio kibaya, yaani sharti la utafutaji lililoandikwa vibaya, hakiwezi kutoa nenosiri ambalo halijawahi kuwekwa pale. Faida nyingine ni kwamba faharasa, zinazoharakisha utafutaji, zinakuwa mikononi mwako, na Active Directory ikizimwa kwa matengenezo, utafutaji unaendelea.

Kwa upande wa wanafunzi kazi ni nyepesi, kwa sababu OpenLDAP inajua kujinakili kwa syncrepl, na humo unaweza kutaja attrs ili zivutwe sifa chache tu. Haki zenyewe ziwekwe kwenye seva inayotoa, si kwenye inayopokea: akaunti ya kunakili inyimwe kusoma userPassword kulekule kwenye chanzo.

Kwa upande wa Active Directory kazi inataka uangalifu, kwa kuwa haizungumzi syncrepl. Skripti ya kila robo saa inatosha, ikiendeshwa kwenye seva nyingine ya ndani ambayo ndiyo inayovuta kutoka Active Directory na kusukuma kwenye lango, ili lango lisihitaji kabisa njia ya kwenda huko. Kichujio cha kuvutia wafanyakazi walio hai ni hiki:

```
(&(objectCategory=person)(objectClass=user)(!(userAccountControl:1.2.840.113556.1.4.803:=2)))
```

Namba ile ndefu ni kanuni ya kulinganisha biti, na 2 ni biti ya akaunti iliyozimwa. Alama ya mshangao inaziondoa zote zenye biti hiyo. Kama mtavuta mabadiliko tu kwa kufuata uSNChanged, namba ya mabadiliko ya kila ingizo, skripti iulize seva ileile kila mara, kwa sababu namba hiyo ni ya kila seva ya Active Directory peke yake na hainakiliwi kwenda kwa nyingine. Ukibadilisha seva bila kuanza upya, utakosa mabadiliko bila kuona kosa lolote. Kwa chuo cha watu elfu chache ningeshauri muache kabisa hesabu hizo na kuvuta orodha nzima kila mara, kisha kulinganisha na kufuta waliotoweka, maana mtu aliyefutwa haonekani kwenye utafutaji wa kawaida wa mabadiliko, na jina la aliyeacha kazi litabaki kwenye lango mpaka mtu alalamike. Mkivuta orodha nzima, tumieni kurasa, kwa kuwa Active Directory huishia maingizo 1000 kwa jibu moja.

fundi_seva alijibu:

Nakubaliana na nodi_ya_ndani juu ya hatari ya akaunti ya huduma. Naongeza tu kwamba uwakala unabaki kuwa njia bora pale ambapo jibu ni lazima liwe la sekunde hiyohiyo, kwa mfano mahali ambapo programu nyingine inauliza kama akaunti fulani bado ni hai. Kwa kutafuta simu na barua pepe, kuchelewa kwa robo saa hakumdhuru mtu yeyote. Katika njia yoyote mtakayoichagua, faiawoli ya chuo isiruhusu poti 389 wala 636 kutoka nje, na hasa UDP 389 ya Active Directory, ambayo hutumiwa na wahalifu kukuza mashambulizi: jibu lake laweza kuwa kubwa mara 56 hadi 70 kuliko swali, na swali huletwa kwa anwani ya uongo ili jibu limwangukie mtu mwingine.

mkaguzi_wa_logi alijibu:

Ndugu msimamizi, hakuna bado aliyekujibu swali la pili, nami naliona ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo uniwie radhi kwa urefu.

Tuanze na kile mtumiaji anachokiandika kwenye kisanduku. Kurasa nyingi za namna hii huchukua neno lililoandikwa na kulibandika katikati ya kichujio jinsi lilivyo. Sasa fikiria ukurasa unaojenga kichujio cha aina hii, ambacho kimekusudiwa kuwaonyesha wafanyakazi tu:

```
(&(ou=Wafanyakazi)(|(sn=NENO)(givenName=NENO)))
```

Mtumiaji akiandika nyota peke yake, amepata kila mtu. Akiandika mabano yake mwenyewe kwa ustadi, anaweza kuongeza sharti jipya ndani ya mabano ya "au", akauliza sifa ambayo hukukusudia kuiweka wazi, na kwa kutazama kama jibu limekuja au halikuja akaisoma sifa hiyo herufi moja baada ya nyingine, hata kama ukurasa hauionyeshi. RFC 4515 imeeleza namna ya kuzikinga herufi hizo: nyota iwe \2a, mabano ya kufungua \28, ya kufunga \29, na mkwaju wa nyuma wenyewe \5c. Usijiandikie mwenyewe ukingaji huo. PHP ina ldap_escape, inayopewa LDAP_ESCAPE_FILTER, na maktaba za Python zina escape_filter_chars. Nyota ya mwisho, ile inayosema "majina yanayoanza na", iongezwe na msimbo wako baada ya neno kukingwa, isitoke kwa mtumiaji.

Kama ukurasa utataka mtu aingie kwa nenosiri kabla ya kutafuta, na naamini ni lazima utake hivyo kwa orodha ya wanafunzi, kataa nenosiri tupu katika msimbo wako kabla hujaiuliza saraka. Itifaki inahesabu kujitambulisha kwa jina bila nenosiri kuwa ni kujitambulisha kwa asiyejulikana, na RFC 4513 inaonya waziwazi juu ya jambo hilo. OpenLDAP kwa kawaida hukataa, lakini Active Directory huweza kurudisha "umefaulu", na ukurasa usiojua tofauti hiyo utamfungulia mlango yeyote anayejua jina la mtu mwingine. Tangu Windows Server 2019 kuna mpangilio wa kulizima hilo, DenyUnauthenticatedBind, nao si wa kusubiri hadi lango likamilike.

Sasa uchotaji. Watu wengi huweka kikomo kwenye ukurasa tu, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu ukurasa hubadilishwa, huandikwa upya na kukabidhiwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, ilhali saraka inabaki. Kikomo kikae kwenye slapd ya lango:

```
limits * size=25 size.unchecked=2000 size.prtotal=disabled
```

Ya kwanza inazuia jibu lisizidi watu 25. Ya mwisho inazuia kabisa kuomba jibu ukurasa baada ya ukurasa, ili njia hiyo isije ikatumika kuchota orodha nzima. Ya katikati inasema kwamba kama utafutaji unailazimu seva kupitia maingizo zaidi ya 2000 yanayoweza kufaa, ukatae kabisa. Namba hiyo uipime kwa ukubwa wa saraka yenu. Zingatia kwamba mipaka hii haimgusi rootdn, yaani akaunti kuu ya slapd, kwa hiyo ukurasa usijitambulishe kwa jina hilo hata kwa majaribio. Kadhalika, kama hukuandika mstari wowote wa access (haki za kusoma), slapd humruhusu kila mtu kusoma kila kitu, kwa hiyo andika mistari hiyo hata kama lango ni nakala yenye sifa chache.

Jibu likizidi 25, slapd hurudisha 25 ya kwanza pamoja na msimbo 4, unaosema kwamba kikomo kimepitwa. Kwa wafanyakazi, ningewaonyesha hao 25 na ujumbe wa kumwomba mtumiaji aongeze jina la pili, kwa sababu anayemtafuta Mushi au Massawe kwenye chuo cha hapa kwetu atakutana na wengi na si kosa lake. Kwa wanafunzi, msimbo 4 uwe na maana ya kutoonyesha mtu yeyote mpaka jina la pili liandikwe.

Kisha kuna yule atakayeandika programu ya kujaribu herufi tatu tatu, kuanzia aaa mpaka zzz, ambazo ni maswali 17,576 na kwa kompyuta si kitu. Ushauri wa kawaida ni kuweka kikomo cha maswali kwa kila anwani ya IP. Chuoni ushauri huo haufai, kwa sababu bweni zima au hata chuo kizima kinaweza kutoka kwa anwani moja, na utawafungia mamia kwa kosa la mmoja huku mwenye simu yenye laini mbili akibadilisha anwani apendavyo. Hesabu maswali kwa akaunti iliyoingia. Mtu anayetafuta wenzake kwa mikono hawezi kuuliza mara mia katika saa moja, na atakayefika hapo mwandikie kwenye logi na umsimamishe hadi kesho yake.

Naomba pia mlione hili kuwa ni suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Mwanafunzi aliiandika namba yake ya simu kwenye fomu ya usajili ili chuo kimpate, si ili wanafunzi wenzake wampate. Msichana wa mwaka wa kwanza hapaswi kuanza kupokea simu za usiku kwa sababu fundi fulani aliona sifa ya mobile ipo na akaionyesha. Namba za simu za wanafunzi zisinakiliwe kabisa kwenye lango, na barua pepe zao zionekane kwa walioingia tu.

msimamizi_chuo alijibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. LDAP_OPT_REFERRALS imeliondoa lile kosa mara moja. Nimesoma hoja za pande zote mbili na nimeamua kufuata njia ya nakala: seva ya ndani itavuta kutoka Active Directory na kusukuma kwenye lango, na wanafunzi watakuja kwa syncrepl wakiwa na sifa nne tu, bila simu. Mipaka ya mkaguzi_wa_logi nimeiweka kwenye seva ya majaribio kama alivyoiandika.

Limebaki jambo moja linalonitatiza, na ni la majina yenyewe. Nilianza na kichujio cha kutafuta popote ndani ya jina, yaani nyota mbele na nyuma. Nikiandika juma, majibu yanakuja papo hapo. Nikiandika ali, slapd inakataa kutafuta. Faharasa ya cn nimeiandika kuwa eq,sub (jina zima na sehemu ya jina) na nimeendesha slapindex, inayojenga faharasa upya, huku slapd ikiwa imezimwa. Pia watumiaji wa majaribio wanalalamika kwamba wakimtafuta Hamisi hawampati aliyeandikwa Khamis, ingawa ni jina lilelile.

nodi_ya_unguja alijibu:

Ndugu msimamizi, yote mawili nayafahamu vyema, kwa kuwa huku kwetu Khamis na Ali ni majina ya kila nyumba.

La ali ni hesabu ya faharasa. OpenLDAP huvunja jina vipande vya herufi 4 kwa ajili ya utafutaji wa katikati; ndiyo thamani ya kawaida ya index_substr_any_len. Neno lenye herufi 3 halitoi kipande hata kimoja, kwa hiyo faharasa haiwezi kusaidia, kila ingizo linakuwa mgombea, na kikomo cha 2000 ulichokiweka kinafanya kazi yake na kukataa. Juma ina herufi 4, ndiyo maana inapita. Unaweza kushusha thamani hiyo iwe 3 na kuendesha slapindex upya, lakini faharasa itavimba na majibu yatakuwa mabaya zaidi: anayemtafuta Ali ataletewa Khalid na kila jina lenye herufi hizo tumboni.

Dawa ni kuacha kutafuta katikati. Utafutaji wa mwanzo wa jina hutumia faharasa kuanzia herufi 2, kwa hiyo (cn=ali*) itajibiwa haraka. Tatizo lake ni kwamba Juma Ali Hamad hataonekana, kwa kuwa cn yake inaanza na Juma. Hapo tumia uhuru ulionao wa kuwa na nakala yako: cn inaruhusiwa kuwa na thamani nyingi. Skripti ya kunakili imwandikie mtu huyo cn tatu, "Juma Ali Hamad", "Ali Hamad" na "Hamad", na kila neno la jina lake litakuwa mwanzo wa thamani mojawapo. Jina la kuonyesha kwenye ukurasa liweke kwenye displayName, ili usibahatishe ni cn ipi itakayorudi ya kwanza.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa walioitunga skima hii, yaani kanuni za sifa gani ziwemo kwenye ingizo. Wao walidhani kila mtu ana jina la ukoo moja, wakaifanya sn kuwa ya lazima. Sisi huandika jina la mtu, la baba na la babu, na kila ofisi ina desturi yake ya kuamua lipi liingie kwenye sn. Katika saraka mbili zilizojazwa na ofisi mbili, ni karibu hakika kwamba sn za wafanyakazi na za wanafunzi hazikujazwa kwa kanuni moja. Kwa hiyo usiitegemee sn kutafutia.

Kuhusu Hamisi na Khamis, usihangaike na utafutaji wa kukaribiana kwa sauti, ule wa alama ya ~=. Kanuni zake zilitungwa kwa matamshi ya Kiingereza. Soundex, kwa mfano, huihifadhi herufi ya kwanza jinsi ilivyo, hivyo Hamisi inakuwa H520 na Khamis inakuwa K520, na hazikutani kamwe. Tengeneza jedwali dogo la majina yanayoandikwa kwa namna zaidi ya moja: Hamis na Khamis, Mohamed, Mohammed, Muhammad na Muhamad, Halfan na Khalfan, Selemani, Suleiman na Seleman, Abdallah na Abdulla, Hadija na Khadija. Mtumiaji akiandika lolote kati ya hayo, ukurasa ujenge kichujio chenye yote:

```
(|(cn=hamis*)(cn=khamis*))
```

Kwa kuwa ni utafutaji wa mwanzo, hamis* inawashika Hamis na Hamisi kwa pamoja, na kila kipande kinatumia faharasa. Mtumiaji akiandika majina mawili, unganisha makundi mawili ya aina hiyo kwa alama ya "na", bila kujali lipi limeandikwa kwanza. Jedwali hilo mpe mtu wa ofisi ya usajili alikamilishe, kwa sababu yeye ndiye aliyeona vyeti vya kuzaliwa vya watu hao na anajua namna zote zinazoandikwa. Ataongeza mengine ambayo mimi na wewe hatutayafikiria.

msimamizi_chuo alijibu:

Nimebadilisha skripti iandike cn kwa kila mwanzo wa jina, nimeondoa nyota ya mbele, na ali sasa inajibiwa papo hapo bila kugusa index_substr_any_len. Kwa wanafunzi, Ali peke yake inarudisha msimbo 4 na ukurasa unaomba jina la pili, kama mkaguzi_wa_logi alivyoshauri. Jedwali la majina nimelipeleka ofisi ya usajili leo asubuhi, na limerudi likiwa na Ramadhani, Ramadhan na Ramazani, na Asha na Aisha, wakisisitiza kwamba hao wawili wa mwisho waunganishwe kwa kuwa wapo wanafunzi ambao cheti cha sekondari kinasema hivi na cheti cha kuzaliwa kinasema vile.